Mkasi wa Upande Wangu

Nyumbani waliniita Shoto tangu nilipoanza kushika kijiko, na wala hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Baba yangu, fundi suti aliyejulikana mji mzima, alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kitambaa cha bitana ili nijifunze kula na kuandika kama watu. Nikajifunza. Lakini ukiuachia tu, mkono unarudi kwenye kazi yake.

Nilipokua nikaingia dukani kwake. Nikapiga mapindo, nikatia vifungo, nikakaa kwenye cherehani mpaka kiuno kikalia. Kitu nilichokitamani ni meza ya kukatia, na hiyo ndiyo niliyokatazwa. Hapo ndipo suti inapozaliwa. Huko kwingine ni kuunganisha tu. Nilitaka siku moja Baba aniambie, “Haya mwanangu, kata.” Sikuwa na ndoto nyingine, na sioni aibu kusema.

“Utaharibu vitambaa vya watu,” ndilo lilikuwa jibu lake. “Mkono wa kushoto haufuati mstari.”

Na kweli haukufuata! Nikiushika mkasi wake mkubwa kwa kulia, mkono hauna akili kabisa. Nikiushika kwa kushoto, makali yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati, na chuma cha juu kinaniziba nisiuone mstari wa chaki. Kidole gumba kikawa na sugu. Baba akitazama vile vipande vilivyotafunwa anatikisa kichwa, na mimi naona haya. Mtu mzima, na akili zangu timamu, nikaamini nimezaliwa na kasoro.

Kisha kiharusi kikampiga Baba. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakawa yanamtoka kwa kuburuta. Mkono uliokata suti za mabwana harusi wa mji huu ukawa unalala mapajani kama kitu alichoachiwa akishike.

Kazi ikasimama. Nikawaambia wateja wasubiri, wengine wakachukua vitambaa vyao wakaenda zao, na sikuwalaumu. Aliyebaki ni Hakimu, mzee mstaafu ambaye hajawahi kuvaa suti iliyokatwa na fundi mwingine. Alikuwa na harusi ya mjukuu wake. “Nitamsubiri fundi wangu,” alisema. Fundi gani sasa, jamani? Mimi nipo hapa nimesimama!

Nyumbani vita ilikuwa ya kijiko. Baba hakutaka kulishwa. Alikishika kwa kushoto, supu ikamwagikia shati. Nikinyoosha mkono nimsaidie, ananisukuma.

“Huu mkono mjinga,” akasema siku moja, na kukitupa kijiko.

Hapo roho ikanichoma. Nilijua ni mgonjwa, nilijua ni baba yangu, lakini yalinitoka. “Si mjinga, Baba. Haujafundishwa tu. Wangu ulikuja umeshafundishwa, wewe ukaufunga.”

 Nikaokota kijiko, nikakiosha, nikamrudishia. Akaendelea kula polepole huku akiutazama ule mkono.

Kesho yake nilimpeleka dukani akapunge hewa, nikamwacha kwenye kiti chake nikaenda kununua nyuzi. Niliporudi nilimkuta amejikokota hadi mezani, ameegemea kwa tumbo, mkasi wake mwenyewe uko katika mkono wa kushoto. Mbele yake kulikuwa na lundo la vipande vya kitambaa vilivyotafunwa, na chozi lilikuwa limemfika kidevuni.

“Baba, kaa chini, utaanguka!”

“Tazama,” akasema. Akajaribu tena. Kitambaa kikajikunja katikati ya makali, kama kilivyokuwa kikinifanyia mimi. Akauinua mkasi usawa wa macho, akaugeuza huku na huku. Alikuwa ameushika miaka yote hiyo, na nadhani siku ile ndipo alipouona.

“Si mkono,” akasema. “Ni mkasi. Umetengenezewa kulia.”

Akaniambia nimwite fundi chuma wa mtaa wa pili. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa, mimi nikaambiwa niendelee na vifungo vyangu. Fundi chuma akawa anakuja na kuondoka, kila akija Baba anakikataa alichokileta na kumrudisha nacho. “Huyu mzee atanitoa roho,” fundi chuma alinilalamikia mlangoni. “Eti chuma cha juu kikae chini na cha chini kikae juu! Tangu lini?”

Mwishowe Baba akaniita, akausukuma juu ya meza kwa kiganja. Ulikuwa mkasi mweusi, mzito, bado una alama za tupa. “Wako,” akasema.

Niliutia vidole. Gumba likakaa mahali pake. Nikakata kipande cha kitambaa, na mstari wa chaki ulikuwa wazi mbele ya macho yangu, makali yakiufuata kwa ulaini. Mngedhani nilifurahi. Nililia kwa hasira! Nililia kwa ajili ya ile miaka yote ya pindo na vifungo, nikampigia Baba kelele kwamba kumbe ilikuwa kazi nyepesi hivi, kumbe hapakuwa na kasoro yoyote. Alipokea yote. Nilipomaliza, akaelekeza kidevu kwenye rafu kilipokuwa kitambaa cha Hakimu.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Kata.”

Nikakata. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu utotoni, na lilipokuja halikunitosha. Nilitaka aseme kwamba alinionea. Hakusema, na mimi sikumwomba.

Hakimu akaja kujaribisha. Akajigeuza mbele ya kioo, akavuta koti mabegani, akapapasa kola. Suti ilimkaa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti miguuni pake, mdomo umejaa pini, napima urefu wa suruali.

“Nilijua tu,” Hakimu akamwambia Baba kwa furaha. “Hata kwa mkono mmoja, mkato wako ni ule ule. Hakuna mwingine.”

Nikaendelea na pindo langu. Nilishazoea, sifa za duka lile zilikuwa za Baba, na mgonjwa humnyang’anyi furaha yake.

“Si wangu,” Baba akasema.

“Unasemaje, mzee?”

Akameza mate. Kila neno lilikuwa mzigo kwake. “Mkato si wangu. Ni wa binti yangu. Kwa mkono wa kushoto.”

Hakimu akanitazama pale chini, akamrudia Baba. “Kushoto? Si ndiwe uliyekuwa ukisema hapa hapa kwamba wa kushoto hawezi kukata?”

“Nilikosea,” Baba akasema. “Nilimfunga mkono mtoto wangu bure. Nilikosea, Hakimu.”

Sikuweza kujibu, kwa zile pini. Macho yalijaa nikawa sioni pindo, nikabaki nimeishika suruali ya Hakimu kwa mikono yote miwili. Baba hakunitazama, alikuwa amejiinamia kwenye kiti, anahema kama mtu aliyepanda ngazi.

“Haya, binti,” Hakimu akasema taratibu, akasimama wima, hatikisiki. “Mimi sina haraka.”