Kuna Mtu Mlangoni

Muuguzi alimzuia mlangoni kwa mkono mmoja tu, tena huku anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote. Angemfokea ingekuwa afadhali. Alimwambia kwa upole kwamba chumba kile kinaingia mtu mmoja mmoja, kwamba hali ya mgonjwa si ya mchezo, na kwamba mke wake tayari yuko ndani.

Fundi aliuliza, mke gani?

"Mke wake, mama," muuguzi akasema. "Bi Purukushani. Yule wa kwenye televisheni."

Haya, sasa mwambie mtu nini? Mwanamke ameolewa miaka nenda rudi, amezaa, amelea, amefua mashuka ya huyo bwana na kumpikia uji usio na sukari, halafu siku bwana anaanguka, yeye anafika hospitali na kuambiwa nafasi yake imeshachukuliwa na mke wa kuigiza. Ingekuwa kwenye kipindi, watu wangecheka wakashika mbavu. Fundi hakucheka. Alikuwa ametembea kwa haraka mpaka ndala moja ikakatika kamba, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama cherehani iliyoachiwa.

Fundi ndilo jina alilopewa na mtaa mzima kwa sababu ya ushonaji wake, na asubuhi ile ushonaji huo huo ndio uliomponza. Alikwenda kumpelekea mteja suti ya kujaribu, akakawia, kwa sababu mteja alikuwa amenenepa na hataki kukubali. Aliporudi alikuta kikombe kimepasuka sakafuni, kiti kimelala ubavu, na nyumba haina mtu. Msusi wa jirani ndiye aliyempa habari: mzee ameanguka ghafla, mdomo umekwenda upande, wamemkimbiza hospitali kwa gari la muuza magodoro. Na kwa wema wake, msusi alikuwa ameshawatangazia watu wote kwenye simu, na picha juu: Mzee Sipo amelazwa, tumwombee. Habari ya namna hiyo ina miguu. Bi Purukushani, ambaye nyumba yake na hospitali ni pua na mdomo, alifika kabla mwenye mume hajapata hata kufunga mlango.

Mzee Sipo, ujue, si jina alilopewa na mama yake. Ni la kwenye mchezo. Zamani zile televisheni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mtaa mzima ulikuwa nayo moja, ya karani wa posta, yenye miguu minne na milango yake kama kabati. Alhamisi jioni viatu vilirundikana kwenye baraza ya karani, watoto mbele sakafuni, wakubwa nyuma, na mtu mmoja juu ya bati anazungusha antena huku anauliza, "Imetokea?" Wa ndani wanajibu, "Bado! Chenga tupu!" Halafu picha inatulia, na hao hapo, Mzee Sipo asiyependa wageni na mkewe asiyejua kunong'ona. Kila wiki ilikuwa hodi. Kila wiki Bi Purukushani alichungulia dirishani, akapiga kelele, "Kuna mtu mlangoni!" Na Mzee Sipo, mwili nusu umeshaingia chini ya meza, alijibu, "Mwambie nimesafiri. Nikirudi sitakuwepo." Basi! Nyumba ya karani ilikuwa inataka kubomoka kwa vicheko. Mpaka leo mzee hawezi kununua kitunguu sokoni bila mtu kumtupia maneno hayo.

Hata pale hospitali walikuwa wanayarusha. Fundi alikaa kwenye benchi la ukutani akamsikia mlinzi akiigiza sauti ya mumewe, na mama mmoja mwenye mkono wa plasta akimsaidia kwa sauti ya Bi Purukushani. Walikumbushana ule mlango wa maboksi uliotikisika kila ulipogongwa. Walibishana juu ya ile gauni ya maua ya Bi Purukushani; mlinzi akasema ilikuwa nyekundu, mama wa plasta akaapa ilikuwa ya bluu, na wote wawili waliiona kwenye kioo cha nyeusi na nyeupe. Fundi ndiye aliyeishona, kwa mabaki ya pazia la chumbani kwake. Ilikuwa ya kijani. Lakini nani alikuwa na habari ya rangi ya gauni, na mtu wake yuko nyuma ya ukuta hajui kama ni mzima au mfu? Alitamani kuwaambia wanyamaze. Akaogopa akifungua mdomo atalia, na akilia ndiyo imekwisha.

Daktari alitoka mle chumbani uso umemng'aa, akamwambia muuguzi kwamba mgonjwa amesema. Tangu aletwe alikuwa hajatamka neno, hajui jina lake wala mahali alipo, na sasa anamjibu mkewe vizuri kabisa.

Fundi akasimama. "Mkewe ni mimi," akasema.

Mlinzi akakohoa. Muuguzi akatazama viatu vyake. Daktari, na hapa lazima asifiwe maana wengine wangeleta ubishi, hakuuliza cheti wala ushahidi; aliitazama ile ndala iliyokatika, akamwomba radhi, akamvuta pembeni. Alimweleza kwamba mshipa umepasuka kichwani, damu imeukandamiza ubongo, na kwamba muda si mrefu watakuja kumchukua kumpeleka chumba cha upasuaji. Hakuficha kwamba kuna wanaotoka na kuna wasiotoka. Kisha akasema jambo la pili kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mtu wa hali ile anaweza kutamka vitu alivyovishika kwa moyo zamani na asijue anayezungumza naye ni nani. Asije akavunjika moyo mzee asipomtambua. Mpaka sasa amemjibu yule mama peke yake.

Peke yake! Hilo la upasuaji lilimtia hofu, lakini hili la pili lilimchoma. Daktari alimruhusu aingie wawe wawili, naye akavuka ule mlango akiwa na ombi moja tu, wala si kubwa: kabla hawajamchukua, amjue. Hata kwa kope. Akifa, afe anajua aliyekuwa naye.

Na asikwambie mtu kwamba Fundi hakuwa na haki na maneno yale. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kipindi kile kiliundwa jikoni kwake. Kila Jumatano mume alikuja na maneno ya wiki, akayakariri huku anazunguka meza, na Fundi kwenye cherehani ndiye aliyekuwa Bi Purukushani wake. Pini zake alizibana kwa midomo, kwa hiyo maneno yalitoka bapa, hayana chumvi: "Kuna ntu nlangoni." Na hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Kwa sababu nyumba ile, mtu akigonga, ni mteja. Na mume alishazoea kupaza sauti kutoka uani. Ulimi ulimteleza palepale kila mara. Fundi akisema kuna mtu mlangoni, yeye alijibu, "Mwambie aingie. Fundi yupo."

Fundi alitoa pini mdomoni na kusema, "Rudia." Anarudia, anakosea. "Rudia, bwana wewe!" Wakati mwingine uji uliungua.

Na siku zile kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, hakuna kukata wala kuunga. Basi Alhamisi Fundi alikaa kwa karani katikati ya watu, ameshika pindo la nguo yake kwa mikono miwili, akingoja mumewe aiambie nchi nzima kwamba fundi yupo. Hakukosea hata mara moja. Neno likitoka salama, Fundi alishusha pumzi, na wakati huo wenzake wote wako chini wanagaragara. Walimwona hana raha, wakasema anaringa. Kipindi kile kilichochekesha kila mtu, yeye hakuwahi kukicheka.

Ndani, Bi Purukushani alikuwa ameketi ubavuni mwa kitanda, ameushika mkono wa mzee. Wigi lake lilikuwa limekaa upande na wanja umemchuruzika. "Mke mwenzangu," akasema. Ndio utani wake wa tangu ujana, na Fundi hakuupenda hata siku moja, ila leo utani wenyewe haukuwamo. Alijieleza haraka haraka: alimkuta amelala macho wazi kama gogo, hajui la kufanya, akajaribu lile neno lao la zamani, na mzee akaitika. Akataka Fundi asikie mwenyewe. Akainama, akalitoa kama alivyolitoa enzi zile, japo kwa sauti iliyochakaa.

"Kuna mtu mlangoni!"

Midomo ya mzee ilijikusanya upande mmoja. "Mwambie nimesafiri," akasema. "Nikirudi sitakuwepo."

Alitua palepale alipotua siku zote. Bi Purukushani akaangua kilio. Maneno yaliyovunja mbavu za watu wazima, hebu yasikie yakitoka kwenye kitanda kile, kwenye mdomo ule uliopinda, na wenye machela wako njiani.

"Usimwambie tena," akasema Fundi. "Nakuomba, dada. Usimwambie tena."

Alivuta kiti upande wa pili. Alimwita mzee kwa jina lile la ndani, ambalo halikuwahi kufika kwenye televisheni. Alimsimulia habari za kikombe, za mteja aliyenenepa, za binti yao aliyeko njiani na anapiga simu kila kituo. Alimuuliza kama anamjua. Mzee alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani wa benki, kisha macho yakarudi kwa Bi Purukushani. Wivu ulimpanda Fundi. Wivu wa uzeeni, tena kwa mtu aliye kwenye mlango wa kaburi, aibu tupu. Lakini ulimpanda. Miaka yote akili ya huyu bwana imehifadhi nini? Imehifadhi mlango wa maboksi. Yeye, na uji wake, na mashuka yake, hayumo.

Bi Purukushani aliuona uso ule. Aliuachia mkono wa mzee polepole, akakaa kimya. Ilikuwa ngeni kwake.

Kwa sababu hakuwa na la kufanya, Fundi alifanya lile ambalo mikono yake hulifanya bila kutumwa. Kanzu waliyomvisha mzee ilikuwa imekatika kamba ya shingoni, bega lote wazi, na yeye hawezi kukaa na kitu kilichochanika akakiacha. Alichomoa pini kwenye kola yake, akaibana kwa midomo, akaanza kukunja kitambaa. Ndipo mlango ulipogongwa. Walikuwa wenye machela. Kabla Fundi hajafikiri, mikono iko shingoni mwa mumewe na pini iko mdomoni, alisema kwa ile sauti yake bapa:

"Kuna ntu nlangoni."

"Mwambie aingie," mzee akasema. "Fundi yupo."

Bi Purukushani akageuza kichwa. Alikuwa ameigiza na mtu huyu mpaka kipindi kikafa, na jibu hilo hakuwahi kulisikia. "Amekosea," akanong'ona. "Siyo hivyo. Maskini, amekosea."

Fundi aliitoa pini mdomoni. Akashika ukingo wa kitanda.

"Rudia," akasema.

Mzee alikunja uso, nusu ya uso iliyobaki kumtii, ule mkunjo wa mtu aliyechoka kusahihishwa na mkewe. "Mwambie aingie. Fundi yupo."

"Rudia, bwana wewe!"

Akarudia. Akakosea vilevile.

Wenye machela waliingia na haraka zao. Walimhamisha, wakafunga mikanda, wakauliza nani ni mke amsindikize, na Bi Purukushani, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwachia mtu jukwaa, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Fundi alikwenda sambamba na machela kwenye ujia mrefu, ndala moja mguuni, nyingine mkononi, wakapita benchi, wakampita mama wa plasta na mlinzi, ambaye safari hii alivua kofia. Kila hatua chache alimwambia arudie. Sauti ya mzee ilizidi kufifia, lakini alirudia. Kwenye mlango wa mwisho walimwambia hapa ndio mwisho wa ndugu, wakaingia naye, mlango ukajifunga.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Baada ya kitambo Bi Purukushani alikuja akakaa kiti cha pili, wigi mkononi, mvi zote nje. Hakusema mke mwenzangu. Alikaa akifikiri, anahesabu vipindi kichwani, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Dada," akauliza, "ile ya fundi yupo ilikuwa ya kipindi gani? Mbona siikumbuki?"

Hapo kicheko kilimtoka Fundi, kimechanganyika na machozi, hata muuguzi akachungulia. Alicheka peke yake, kwa miaka yote ile ambayo hakucheka kwa karani, akajipangusa kwa pindo la nguo yake.

"Ile haikurushwa," akasema, na macho yake yakarudi kwenye ule mlango uliofungwa.