Theluji Niliyoahidiwa

Wakati wa joto wivu wangu hupata nafuu. Joto likishika hapa ugenini Tabuk, mume wangu Muzammil hubadilisha mashati kutwa, na shati alilotoka nalo kwa mke mwenzangu Najwa huingia kwenye mashine ya kufulia kabla halijanifikia puani. Shida ni baridi. Baridi ikija anavaa koti, na koti la sufu halifuliwi mpaka majira yaishe. Analivaa kwa Najwa, analivaa kwangu, analitundika nyuma ya mlango wangu, na hapo ndipo linapoanza kunisimulia ya huko. Manukato ya sandali ya Najwa ni ya ghali, ya kuchanganywa na karafuu, na hayatoki hata ukilianika koti barazani kutwa nzima. Nimeshajaribu.

Watu wetu wa Sudan hawaniamini nikiwaambia huku kuna baridi. Mama yangu mdogo, aliyekimbilia Kairo na wanawe, hunicheka kwenye simu: "Jangwani kuna baridi gani? Tahani, unadeka tu." Angekuja alale humu siku moja. Nyumba hizi zilijengwa kwa kuogopa jua. Sakafu ni marumaru, madirisha hayabani, na moto wote tulionao ni hita ya vijiti vyekundu inayokuunguza magoti huku mgongo umekufa ganzi. Mafuta yangu ya nywele huganda chupani nikayachokoa kwa kijiko. Watoto, Rimaz na mdogo wake Bakri, hulala na soksi mbili mbili. Midomo imewapasuka, nikiwapaka vaselini wanailamba.

Lakini si baridi iliyonikondesha. Kilichonikondesha ni kwamba mume wangu ni mwadilifu. Najua wako wanawake wanaoitamani shida hiyo, na ningewapa bure. Tangu amwoe Najwa, Muzammil hugawa kila kitu sawasawa. Alinunua hita mbili za aina moja. Alinunua makoti mawili ya kike, yametofautiana rangi tu. Tende akipewa na mwenye duka la dawa anakofanya kazi, katoni moja huku, moja kule. Hata sifa anagawa. Nikimpikia asida, ugali wetu wa kwetu, na mchuzi wa bamia kavu akalamba vidole akasema, "Leo umeua," najua kesho kutwa kuna mtu mwingine ataambiwa ameua.

Kitu kimoja tu hakikugawanywa, nacho ni theluji.

Theluji huanguka kwenye mlima wa Lawz, mbali na mji, baadhi ya miaka, na haikai. Ikianguka, Tabuk nzima huhamia huko na magari yake, watu wakanywe chai katikati ya weupe na kurudi wamepakia madonge juu ya boneti. Mwaka wetu wa kwanza hapa ilianguka nasi hatuna gari. Tulipanda juu ya paa na Rimaz mchanga kifuani, tukatazama upande wa milima, tukaona wingu tu. Muzammil alinifunika na blanketi lake akasema, "Theluji hiyo sitaitazama mpaka niitazame na wewe. Macho yetu yaione pamoja, mara ya kwanza." Akaapa. Baada ya hapo ikawa kila ikianguka yeye ana zamu, au mimi nina mimba, au barabara imefungwa. Sikunung'unika, nilijua ahadi ipo. Najwa alipoletwa, ahadi yangu ilikuwa imeshamtangulia, na mara ya kwanza haikatwi vipande viwili.

Kwa mengine yote Najwa alinizidi. Ni mkunga, ana mshahara wake na kibali chake cha kuishi, mimi nimeingia nchi hii kwa kibali cha mume kama begi lake. Ana gari kubwa la kupanda mchanga, analiendesha mwenyewe, miwani kichwani. Na mume wetu yeye humwita Muzammil tu, kavukavu, si kama mimi ninayemwita Baba Rimaz tangu tumpate huyo Rimaz. Nikigombana na Muzammil hata pa kwenda kununa sina. Nyumba ya baba yangu Wad Madani haina hata mlango siku hizi, vita vimepita nao.

Basi Jumamosi moja mwezi wa kwanza, Muzammil ameshakwenda kazini, jirani yangu Mmisri, Mama Hisham, akaingia bila hodi na simu mkononi.

"Umeona? Umeona? Lawz yote nyeupe! Tazama yule ngamia, anashangaa kuliko watu!"

Nikaona. Na siku hiyo ilikuwa yangu. Muzammil alikuwa ametoka kwangu asubuhi na jioni angerudi kwangu. Theluji ilikuwa imechagua zamu yangu. Nikampigia.

"Baba Rimaz, imeanguka."

"Nimesikia. Hapa pamejaa watu wanaokohoa mpaka barabarani, na mwenzangu hajafika. Nitajaribu."

"Utajaribu."

"Wallahi Tahani, nitajaribu. Hebu nikate, kuna mzee ananiangukia."

Neno lake hilo la nitajaribu nalijua. Hata hivyo nikaanza kuwatafutia watoto glavu. Ndipo honi ikalia chini, tena honi ya mtu anayejiamini. Viatu vikapanda ngazi, na mke mwenzangu akasimama mlangoni pangu, macho mekundu kwa kukesha, thobu, shuka letu la Kisudani, ameifunga juu ya koti.

"Dada Tahani, salama? Wavalishe watoto twende Lawz. Nimetoka zamu sasa hivi, nikikaa tu nitalala, kwa hiyo haraka."

"Twende na nani?"

"Mimi, wewe na watoto. Nina mablanketi, nina chupa ya kahawa ya tangawizi. Muzammil nimemtumia ujumbe kwamba nawachukua nyote."

"Umemtumia wewe."

"Ndiyo, mimi. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Amesemaje?"

"Hajajibu. Si unamjua akiwa dukani."

Kama namjua! Watoto walikuwa wameshaanza kurukaruka, na Mama Hisham ananifinya nyonga.

"Vaa koti wewe! Mimi ningeitwa ningekwenda pekupeku."

Nilimtazama Najwa. Hakuwa na hila usoni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana mtu wa hila ningejua la kumfanya. Nikajiona kwenye gari lake, nakunywa kahawa yake, naonyeshwa na yeye kitu nilichoahidiwa na mume wangu. Ningeshuka, ningesema mashaallah, na ahadi ingekuwa imekwisha hapo, imeliwa, naye ndiye aliyenilisha. Kijiba cha roho kilinipanda, nikajishika kichwa.

"Kichwa kinaniuma. Wachukue watoto, mimi nitabaki."

Najwa akavua miwani yake kichwani. "Kichwa, au mimi?"

"Kichwa."

"Dada, theluji haina mwenyewe."

"Hii inaye."

Hakunielewa, wala sikutaka anielewe. Akawafunga watoto skafu, akasema, "Kiti cha mbele nilikuwekea wewe," wakashuka. Mama Hisham alinitazama akatikisa kichwa, akaondoka na simu yake.

Niliizima yangu. Nilijua picha zitaanza kumiminika, Najwa na wanangu, Najwa na mlima, na sikuwa tayari kumtumia vimoyo vyekundu.

Nilipobaki peke yangu nikaanza kujipa moyo, na ukiniuliza nitakwambia moyo uliingia. Nilipiga hesabu hivi: Muzammil yuko dukani anauza dawa ya kikohozi. Najwa ataiona theluji, sawa, aione mpaka apofuke, lakini ataiona bila yeye. Macho ya Muzammil bado ni yangu. Mwaka huu hatukuipata, mwaka kesho tutaipata, na mara yetu ya kwanza ipo vilevile kama tulivyoiacha juu ya paa. Nilifurahi kiasi cha kuimba. Nikawasha makaa, nikakaa juu ya moshi wa mti wa talih nikiwa nimejifunika blanketi zito, nikajifukiza mpaka jasho likanitoka na ngozi ikashika ile rangi anayoipenda. Nikasonga asida. Nikapika ile bamia. Jioni hii ilikuwa yangu, na atakuja hajaona kitu, kama mimi.

Watoto walirudi adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Walipanda ngazi wakipiga kelele, na Najwa hakupanda nao, nilisikia gari lake likiondoka. Bakri alikuwa amekumbatia deli la barafu karibu kubwa kuliko yeye, mashavu yamemwiva.

"Mama! Tumemtia Baba theluji shingoni!"

"Baba yupi?"

"Baba wetu! Kwani tuna baba mwingine?"

"Baba yuko kazini, Bakri."

"Alikuja!" Rimaz akadakia, anavua viatu vilivyolowa kwenye zulia langu. "Alimwomba mwenzake amshikie zamu. Polisi walilikataa gari lake dogo kule chini, akadandia pikapu ya watu. Alikupigia sana Mama, simu yako imezimwa. Ya Mama Najwa nayo haishiki mtandao kule. Tukamwona anakuja mbio, kaanguka mara mbili, tumecheka! Akaenda moja kwa moja kwenye gari akafungua mlango wa mbele. Akasema, mama yenu yuko wapi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema kichwa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kochi. Rimaz aliendelea, anajua kusimulia, hilo amelirithi kwangu.

"Akakaa pale kwenye kiti chako, mlango wazi, miguu nje. Akawa anatazama viatu vyake tu. Nikamwambia Baba tazama mlima, akasema ngoja kwanza. Nikamwambia tazama basi, akasema ngoja nimesema. Hata hatukumwelewa. Kila mtu anatazama juu, yeye anatazama viatu."

"Halafu?"

"Halafu Mama Najwa akamrushia donge la theluji! Likampata hapa." Akajigusa kipaji cha uso, anacheka mpaka anakohoa. "Baba akainua kichwa."

Bakri alikuwa ameshafungua deli. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivujivu, nusu maji, na majani makavu mawili.

"Mama Najwa kasema hili fungu lako," akasema.

Sikuligusa. Nilimwambia akaliweke kwenye sinki la jikoni, akaenda nalo taratibu kwa heshima, nikasikia linavyomiminika.

Muzammil aliingia nyuma yao kidogo, suruali imelowa hadi magotini, midomo haina damu. Alisimama karibu na mlango kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Rimaz na Bakri niliwaambia wakaoge, na safari hii hawakubishana.

"Nilikupigia njia nzima," akasema.

"Nimeambiwa."

"Ujumbe wa Najwa ulisema anawachukua wote. Nikajua upo. Nimeendesha kama mwehu, Tahani, nimetukanwa na polisi. Niliapa nitaitazama na wewe, nikasema leo ndiyo leo." Akafuta pua kwa kiganja. "Sikutaka kuitazama. Nilikaa pale nimeinama."

"Nimeambiwa na hilo."

"Ungekuja tu. Kiti kilikuwa chako. Ningekukuta pale."

Kila nilichotaka kumlaumu kilinirudia mwenyewe. Ningepanda gari lile lenye kahawa ya tangawizi, mlango ungefunguliwa na yeye, na leo hii ningekuwa nimepata nilichokingoja tangu tufike mji huu. Mara yetu ya kwanza niliikataa kwa mikono yangu, nikampa mwanamke ambaye hata hakuiomba. Lakini usifikiri nilimwonea huruma Najwa, wala usifikiri wivu ulipungua. Uliongezeka.

"Mwaka kesho nitakupeleka," Muzammil akasema. "Ikianguka tu, hata nifukuzwe kazi. Nitakuonyesha yote."

"Sikuahidiwa kuonyeshwa."

Hita ililia tiki, tiki, kama inavyolia ikipata moto. Kulikuwa na swali moja ambalo mwanamke mwenye akili haliulizi, nami nikauliza.

"Alipokupiga lile donge, ulipoinua kichwa, alikuwa anafanya nini?"

"Nani, Najwa? Hakuna. Alikuwa amesimama tu."

Alisema hivyo vizuri, kwa upole, kama mtu mwadilifu. Lakini tabasamu lilikuwa limeshamtoka kabla ya jibu, na lilibaki usoni mwake kitambo hata baada ya yeye kulikumbuka na kutaka kuliondoa. Hakuwa akinitazama mimi. Nikaenda jikoni kumtengea asida.