Kuku wa Kwenye Kioo

Kiharusi kilipomlegeza Mama Mkubwa Tumpe mkono wa kulia, wifi yake Ketrina alichukua mwiko "kwa muda tu". Muda huo ukatimiza mwaka. Sasa harusi ya Rozi, binti wa Mama Mkubwa, ilibakiza wiki sita, na katika ukoo wetu hapa Mbozi sufuria ya kwanza ya ugali wa wakwe husongwa na mama wa bibi harusi. Asiposonga yeye, angesonga Ketrina, kisha angesimulia hadi Ileje.

Nikamletea kutoka chuoni roboti ya mazoezi tuliyoiunda. Mkono hufungwa kwenye mshikio, mota ndogo husaidia kugeuza kiganja juu na chini, na katika mchezo ulio kwenye kioo chake kila mgeuzo huwamwagia kuku mahindi na kuhesabiwa alama. Siku ya tatu aligoma.

"Enesi mwanangu, kuku halisi nimefuga miaka arobaini. Hawa watanitagia nini?"

Nilimsihi kwa hoja za kisayansi. Akasinzia. Ndipo mimi, niliyeapa kuitumikia kweli, nikaandika juu kwenye kioo: KETRINA, ALAMA 90.

Akazinduka. "Huyu naye amecheza?"

"Alipita jana, ulipokuwa kwenye ibada."

"Nifunge mkono!"

Kila alipomkaribia, nilimwongezea Ketrina alama tatu. Kufikia wiki ya tano mota haikuwa na kazi kubwa. Kifundo kiligeuka chenyewe.

Asubuhi ya harusi Ketrina aliwasili jikoni, kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Uweke chini," alisema Mama Mkubwa. "Mimi mia mbili na kumi, wewe umekwama mia mbili na saba."

"Mia mbili za nini, wifi? Dude lile naliogopa, sijawahi hata kuligusa!"

Mama Mkubwa alinitazama mpaka nikainamia kuni, kisha akamgeukia wifi yake.

"Kumbe wiki zote hizi nashindana na mwoga! Haya, nishikilie sufuria."

Akasonga. Mkono ulipumzika mara mbili, ukamaliza. Wakwe walipakuliwa ugali laini wa juu. Mimi nikapakuliwa wa chini, wenye mabuje ya unga usioiva.

"Kula, msomi," alisema. "Alama atakuhesabia Ketrina."

Yalikuwa mabuje saba. Katika ripoti yangu ya chuo nimeyaandika yote.