Jibu Aliloandika Doreen

Kila Jumapili mchana, kwenye baa ya Stan mjini Rotherham, Uingereza, watu walishindania paja la nguruwe kwa kujibu maswali. Norman Tasker na mkewe Doreen walikuwa na meza yao, na Doreen ndiye aliyeshika penseli, maana mwandiko wa Norman haukusomeka.

Stan akasoma swali la mwisho. "Nani alipiga gitaa kwenye 'Lango la Kiwanda'?"

Wimbo huo ulimpa mwimbaji wake, Vic Lorrimer, jumba, wake watatu kwa zamu, na sasa picha kubwa ukutani hapo hapo, juu ya kichwa cha Norman. Lakini muziki ule wa gitaa, ambao nchi nzima iliupiga kwa mluzi, ulikuwa wa Norman. Siku ya kurekodi, Vic alijikata kidole akifungua kopo la maharage, Norman akapiga badala yake. Kisha Doreen akashika mimba, Norman akarudi kiwandani kuyeyusha chuma, na santuri ikatoka bila jina lake. Miaka ishirini na mbili wivu ulikuwa ukimla. Vic akitokea kwenye televisheni, Norman alitoka kumwagilia maua, hata mvua ikinyesha.

"Andika jina langu," alinong'ona.

"Norman, jibu ni lile lililo kwenye karatasi ya Stan."

"Ulikuwepo, Doreen. Ulikaa pembeni unafuma soksi. Andika."

Doreen akaandika, akakunja karatasi, akaipitisha meza ya jirani isahihishwe, kama ilivyo desturi. Norman akainywa bia yake kwa raha. Leo jina lake lingesomwa mbele ya watu.

"Vic Lorrimer," Stan akatangaza.

Norman akasimama. "Si kweli. Nilipiga mimi."

"Na mimi ndiye niliyemfundisha Malkia kupanda farasi," mmoja akasema. Baa ikacheka.

"Mke wangu ni shahidi. Keith, soma alichoandika."

Keith wa meza ya jirani akakunjua karatasi. "Vic Lorrimer," akasoma. "Umepata, mzee. Mmeshinda kwa pointi moja."

Njiani Norman alibeba paja kwapani. Walipofika mlangoni pao Doreen akamshika mkono.

"Watoto wanakuja kula, nami niliitaka nyama. Mimi najua ni wewe uliyepiga. Haikutoshi?"

"Hata Vic anajua," Norman akasema.