Maikrofoni Chini ya Paja

Marubani walimwita Mama Rudia, na si kwa mapenzi. Ukikaribia kutua kwenye uwanja ule, ambao ndege zake hazipishani ila kwa kusukumana, sauti yake ndiyo iliyokupokea kutoka mnarani: "Shuka mpaka futi elfu tatu, kaa nyuma ya ile ya abiria." Ukijibu "nimesikia", umejitafutia.

"Nimesikia si jibu. Rudia."

Mpaka uyarudie maneno yake yote, ndipo akwambie, "Ndivyo," uendelee na mambo yako.

Aliyemlalamikia kuliko wote ni Kiraka, rubani wa ndege kuukuu ya mizigo. Jina alilipata kwa ndege yenyewe, maana kila kilicholegea humo alikifunga kwa waya au kwa utepe wa gundi. Kitu kimoja tu hakukigusa: ndoano ya kutundikia maikrofoni ya redio. Ilikatika, akasema ataitazama, na kusema kukaishia hapo. Maikrofoni akawa anaichomeka chini ya paja, anaikalia.

"Hapo haipotei," alisema. "Mwenye paja nipo."

Alasiri moja alikuwa kwenye foleni ya kutua, kapakia magodoro. Akajigeuza kitini kunyoosha kiuno. Mara redio ikanyamaza.

"Afadhali," akamwambia msaidizi wake. "Leo mwalimu kachoka kuturudisha darasani."

Msaidizi akacheka. Wakaendelea kushuka kwa raha zao, kimya kitamu.

Sasa, redio ya ndege iko hivi: ukibana kitufe cha maikrofoni, wewe husikii mtu, na wenzako wote hawasikii kitu ila mngurumo wako. Paja la Kiraka lilikuwa limekibana kitufe barabara. Na chini kule, ndege ndogo ilikuwa imepasukiwa gurudumu katikati ya njia, huku ndege ya abiria, iliyokwisha kuruhusiwa kutua, inaijia. Mama Rudia alipiga kelele kwenye redio, "Usitue! Panda!" Hakuna aliyemsikia. Akarukia taa nyekundu ya dirishani, ile ya kuwaonya marubani redio ikikwama. Rubani wa ile ya abiria aliiona ndege ndogo kwa macho yake, akainua pua dakika ya mwisho. Mhudumu mmoja aliyekuwa hajafunga mkanda akatupwa ukutani, akavunjika mkono.

Kiraka alipoivuta maikrofoni ili ajitambulishe, redio ikalipuka kwa makelele ya watu. Akaitazama maikrofoni. Ilikuwa na joto la mwili wake. Akamtazama msaidizi. Msaidizi akatazama nje.

Uchunguzi ukaanza. Rubani wa abiria akasema mnara haukumwambia kitu. Mashine ya kunasa sauti ilikuwa ya kizamani, ilinasa kile kinachosikika hewani tu, na kilichosikika ni mngurumo, sauti ya Mama Rudia haimo. Wakubwa wakawahoji marubani wote waliokuwa hewani wakati ule.

"Redio yako ilikuwa na hitilafu?"

"Redio yangu nzima," akajibu Kiraka. Na ilikuwa nzima. Hawakumuuliza habari za makalio.

Basi ikasemwa kwamba Mama Rudia alisinzia, akazinduka mambo yameshaharibika. Akasimamishwa kazi, akaambiwa Ijumaa atajua kama anafukuzwa.

Ndoano mpya Kiraka aliifunga jioni ile ile.

"Kumbe ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, Mzee," msaidizi akasema.

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Si ndiyo kazi yetu siku hizi?"

Kwenye mgahawa wa uwanjani marubani walikuwa na furaha kama wanafunzi waliofungiwa shule. "Mama Rudia akalale kwao sasa," mmoja akasema, "angalau huko ana mto!" Meza nzima ikaangua kicheko. Kiraka naye akajikuta anacheka, chai ikampalia, akakohoa mpaka machozi. Wakampigapiga mgongo. Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya wachunguzi, akafika mlangoni kabisa. Karani akamuuliza, "Nikusaidie nini, mzee?" Akauliza choo kiko wapi.

Leseni ndiyo iliyomrudisha nyuma. Bila leseni, yeye ni nani? Mzee mmoja tu anayejua kufunga waya.

Alhamisi alikuwa hewani tena, anakuja kutua. Mwongozaji mpya akampa maelekezo, Kiraka akayarudia yote, kisha akangoja lile "Ndivyo". Halikuja. Mwongozaji alikuwa ameshahamia kwa mwingine. Kiraka hakujua kama amesikika au anaongea na mawingu. Akangoja upenyo. Akaitoa maikrofoni kwenye ndoano mpya.

"Mnara, hapa ndege ya mizigo. Siku ile ya mngurumo, aliyeziba hewa ni mimi. Niliikalia maikrofoni. Mama alikuwa macho."

Ndege zote zikanyamaza. Msaidizi akachungulia kitufe. Safari hii hakikubanwa.

"Ndege ya mizigo," mwongozaji mpya akasema polepole. "Rudia."

Akarudia. Mara ya kwanza maneno yalimtoka. Mara ya pili ilibidi ayatoe mwenyewe, moja moja. Alipomaliza, msaidizi akampokonya maikrofoni.

"Na mimi nilijua," akasema hewani.

"Nani kakuita wewe?"

"Nimechoka kutazama nje, Mzee."

Leseni ya Kiraka ilichukuliwa kabla hata mzigo haujashushwa. Mama Rudia aliitwa kwa simu, akaja na ndara za nyumbani. Kiraka alimkuta chini ya ngazi za mnara. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, alitamani atukanwe.

"Unajua nini, Kiraka?" Mama Rudia akasema. "Mume wangu aliniuliza kama kweli nilisinzia. Nikamwambia sijui. Mimi! Nilishaanza kuwaamini."

Kiraka akavua kofia. "Nisamehe, mama."

"Nimesikia," akajibu, akaanza kupanda ngazi, ndara zikimpiga kisiginoni.

Kiraka akabaki pale chini, kofia mkononi, akingoja neno jingine. Juu kule mlango ukafungwa.