Mnazi wa Sitara

Pale penye vibanda vya mitumba palikuwa na bustani. Ilikuwa ndogo, ukirusha jiwe upande mmoja linaangukia upande wa pili. Mkoloni aliiwekea uzio na kibao cha kukataza watu kukanyaga nyasi. Baada ya Uhuru kibao kikatolewa, watu wakakanyaga. Wapagazi wa sokoni walikuja kulala mchana, wauza kahawa wakakalia viti vya saruji. Mimi nilifagia, nikamwagilia maua. Nilikuwa mtunza bustani, mwajiriwa wa jiji.

Mwaka 1968 mke wangu Zamzam alimzaa Sitara. Kwetu Lindi, kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa, na juu yake unapandwa mnazi. Mnazi huo ni wake maisha yake yote. Sisi tulipanga chumba kimoja Kariakoo, na uani pote ni saruji. Nikakizika bustanini, nikapanda mche.

Msimamizi wangu akauliza mnazi ni wa nani. Ukipanda chako kwenye ardhi ya jiji, unafukuzwa. Nikamwambia ni wa jiji. Ulipopata shina nikaupaka chokaa kama miti mingine, asiulize tena.

Sitara alikufa kwa surua. Alikuwa na miaka miwili. Tulienda kumzika sisi wanaume, kama ilivyo desturi. Zamzam akawa anakuja bustanini kila Ijumaa na kopo la maji, anaumwagilia mnazi, anarudi nyumbani.

Mwaka 1975 ikaja kampeni ya kilimo. Melkiori, mjumbe wetu wa nyumba kumi, akaitisha mkutano palepale bustanini.

"Maua hayaliwi," alisema. "Kila nyumba tuta moja la mahindi. Miti yote chini."

"Na viti vya saruji, mjumbe, tunavichemsha?" akauliza Safari, muuza kahawa. Watu wakacheka.

Zamzam akasimama. "Mnazi ni chakula."

"Umezaa, Mama Sitara?" mjumbe akauliza.

"Bado."

"Miaka saba bado? Basi huo ni mzururaji," Safari akadakia. Wakacheka tena.

"Ni wa mwanangu. Kitovu chake kipo chini."

Kicheko kikaisha. Melkiori alitokea Songea, lakini alikuwa amekaa pwani siku nyingi, alielewa. Akanigeukia.

"Ndugu Zahoro, ni kweli? Kama ni wa mtoto wenu, tutalima kuuzunguka. Kama ni wa jiji, unakatwa pamoja na mingine."

Msimamizi wangu alikuwa amekaa pembeni yake. "Chokaa kapaka mwenyewe," akasema. "Haya, sema. Wa nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne kazini. Shule niliacha darasa la tatu. Kazi nyingine siijui.

"Wa jiji," nikasema.

Zamzam akakaa chini. Hakunitazama.

Kesho yake nikaukata mimi, maana shoka lilikuwa langu la kazi. Haikuchukua muda. Mnazi ukikatwa, kileleni mwake ndani mna shaha, kitu cheupe, laini, kinaliwa. Hukipati mpaka uuue mti. Melkiori alikigawa kwa nyumba zote, kila nyumba kipande. Cha kwetu akakifunga kwenye jani la mgomba, akanipa.

Nikakipeleka nyumbani. Zamzam akakifungua, akakitazama.

"Ndio huo?"

"Ndio."

Akachukua kisu, akakata vipande vitatu. Akaviweka kwenye sahani tatu: ya kwangu, ya kwake, na kile kisahani cha bati cha Sitara ambacho sikujua bado tunacho. Akaisukuma ya kwake kando, akaenda kuanua nguo.

Nikala cha kwangu. Kilikuwa kitamu kidogo, kama maziwa. Nikakaa. Zamzam hakurudi. Nikala na cha kwake. Mwisho nikala na cha kisahani, kisiharibike, nikaviosha vyombo.