Shingo ya Mutheu

Niliogesha ng'ombe kwa josho la Kitengela miaka thelathini, na ng'ombe wa wizi nilikuwa namjua kwa kikohozi tu. Kwa hivyo mtu asinifundishe kuangalia umbo.

Mwaka wa 1998 akaja Madam Naliaka, mwalimu wa balei, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole kama mtu anayeibia jirani sukari. Alitaka msichana mmoja wa kufundishwa bure Nairobi. Akawapanga wasichana wetu kwenye ukumbi wa kanisa, akawapima shingo kwa nyuma na tepu ya fundi wa nguo. Hata soko la Kiserian mbuzi hutembezwa kwanza!

Mutheu, binti ya jirani yangu Nzisa, alikuwa ameingoja siku hiyo mpaka chakula kikamshinda.

"Inchi tatu," Madam akaandika kwa daftari. "Na hayo mapaja ni ya kubeba mitungi. Rudi nyumbani, mama. Umbo halifundishwi."

Akamchukua Soipan, rafiki ya Mutheu, mrefu kama nguzo ya stima. Mutheu alilia mpaka maji ya josho yakapanda. Nilipima mwenyewe.

Lakini Soipan hakuwa na roho mbaya. Kila Jumamosi alirudi kutoka Nairobi, akamfundisha mwenzake palepale joshoni, Mutheu akishikilia bomba za kuzuia ng'ombe.

"Shusha mabega! Vuta mgongo! Goti litoke nje na mguu, wewe!"

Miaka miwili hivyo. Miguu ikakaza, kupe wakimuuma wanang'oka meno. Ng'ombe nao wakaanza kuingia majini wamenyoosha vidole.

Kisha Soipan akachoka na balei, akaenda kusomea mifugo. Madam akarudi kutafuta mwingine. Mutheu akaingia ukumbini, nami nyuma yake.

"Jamani, hiyo shingo!" Madam akashika kifua. "Huyu amezaliwa hivyo. Mlimficha wapi?"

"Mpime," nikamwambia.

"Hakuna haja, mzee."

"Pima, Madam. Unaogopa tepu yako?"

Akapima. Inchi tatu. Akafungua daftari la zamani: Mutheu wa Nzisa, inchi tatu. Akaikagua tepu, eti pengine imelegea.

"Shingo ni ileile, Madam," Mutheu akasema. "Mabega ndiyo yameshuka."

Akamchukua, angefanyaje? Lakini msamaha hakuomba. Kwa daftari aliandika: "Amejaliwa umbo."

Tepu aliisahau mezani. Napimia nayo kamba za mbuzi. Kwa shingo ya mbuzi haijawahi kukosea.